Kibanio cha Sita

Oktoba, Vinhais. Ukungu umeshuka mpaka kwenye vizingiti,
kengele ya kanisa inalia kama imefungwa ndani ya gunia.
Nimeitoa Honda ya baba ghalani, nikaipiga kiki
mara saba. Ya saba ikakubali, ila haikutulia:
injini ilipanda yenyewe, mkono wangu ukiwa mfukoni,
ikashuka, ikapanda tena,
kama mtu anayehema ilhali amekaa kitako.

Hewa. Kuna mahali inadokoa hewa.
Plagi nilizichomoa jana, zikatoka nyeupe pe,
rangi ya njaa.

Eufrásia amesimama mlangoni na kikapu cha njugu za msituni,
anazimenya kwa meno, anatema maganda kwenye kokoto zangu.
“Muuzie yule Mholanzi,” anasema.
Mwaka wa nne huu anasema hivyo.

Kabureta nne, mipira minne, vibanio vinane.
Napiga magoti. Napapasa kama anayetafuta kupe kwa mbwa.
Mpira wa petroli kwanza: naukunja kati ya vidole,
umeota magaga kama kisigino cha mvunaji.
Usipoziba ufa, najua, najua.
Lakini waliosema hivyo walikuwa na ukuta mbele yao.
Mimi nina mpira wa unene wa kidole
na ufa wenye haya, haujionyeshi mpaka ukunjwe.

Cha kwanza kimeshika. Cha pili ni kipya,
nilikiagiza Porto mwaka jana, chuma kisichoshika kutu,
kinang'aa hata gizani; sikukigusa, ya nini?
Cha tatu, cha nne, cha tano: robo mzunguko kila kimoja.
Cha sita si kibanio.

Ni waya wa shaba, umevuliwa kutoka kwenye uzi wa taa,
mizunguko mitatu, ncha imekunjiwa chini isimchome mtu.
Amândio Pires, fundi wa kinu, mkono wake huo.
Alifunga hivi kila kitu: miwani, lango la nguruwe,
mguu wa kitanda alichofia.
Nikasema: ndiyo wewe, mzee, ndiwe unayevujisha.
Nikaukata. Kwa hasira kidogo, nakiri.

Nikapiga kiki. Ikakohoa moto kupitia kabureta, ikazima.
Nikapiga tena. Ikazima.
Eufrásia akaacha kutafuna.

Basi nikavua waya wangu, kutoka taa ya jikoni
(nitakula gizani leo, si kitu),
nikauzungusha mara tatu, nikasokota kwa koleo
mpaka shaba ikanijibu kwenye kiganja: basi, inatosha.
Ncha nikaikunjia chini.

Ikawaka. Bado inapanda, bado inashuka.
Maji ya sabuni, chupa ya kunyunyizia maua:
pss kwenye cha sita, kimya.
Pss kwenye cha tano, kimya.
Pss kwenye cha pili, na injini nzima ikababaika,
ikameza povu kwa kiu.

Kile kipya. Kile changu.
Nilikikaza kama anayelipa kisasi,
mpira ukakunjamana chini ya chuma,
na pembeni, upande nisiouona nikiwa nimesimama,
ukaacha mdomo wazi wa upana wa ukucha.

Nikakilegeza mzunguko mmoja na nusu.
Nusu nyingine. Nikakisukuma mahali pake kwa dole gumba.
Ngurumo ikashuka ngazi, ikaketi,
ikaanza kuongea kwa sauti moja.
“Mholanzi atalipa zaidi sasa,” akasema Eufrásia,
akanimiminia njugu tano kiganjani, zenye mate.

Waya wa zamani nimeutia kwenye kopo la skrubu,
pamoja na vingine ambavyo sijui alivikusudia nini.
Mpira wa petroli nitaubadilisha kesho.
Kesho, au kabla ya theluji.