Kocha wa Tatu

Tumefukuza kocha tena, na bado ni Januari.
Khelef kaipata habari kwenye foleni ya petroli, Mabela,
akapiga honi kama arusi,
akatukuta kwa Mmalabari:
chai ya karak, chapati ya jibini,
kila mmoja wetu kocha.

"Alimchezesha Ghassan winga!
Ghassan, mwenye magoti ya bibi yangu!"
"Na bodi je? Mishahara ya miezi miwili iko wapi?"
"Wacha bodi. Tulifungwa tano na Wasuri!"

Sleyum hasemi. Anahesabu vidole:
Mserbia, Mtunisi, na huyu,
msimu hata haujavuka nusu.

Mara mlango.
Ni yeye mwenyewe, na kandambili,
fulana ya mazoezi kaivaa kinyume,
nembo yetu imelala ndani, kifuani.
Anaagiza chai moja, ya kuondoka nayo.

Tukanyamaza kama tuliokosa penalti.
Khelef, yule yule wa honi,
akainuka, akalipa baisa mia mbili,
Kiarabu chote kikamtoka,
akasema, "Pole, mwalimu."

Yule hajui Kiswahili. Akaitika kwa kichwa.

Ijumaa tuna mechi.
Beki wa kushoto hatuna.