Kijiti Kibichi

Katuba, saa nane usiku, umeme ukarudi
na feni ya tanuri ikaanza kukohoa.
Nilikuwa peke yangu na chungu,
na bushi ya kinu cha Mama Numbi
niliyoiahidi kwa asubuhi.

Nikatupia ndani mabomba, vali, koki kuukuu
zenye umande bado shingoni.
Mukuba ukanywa maji yale bila kuniambia.
Ndivyo ulivyo: ukiwa moto hunywa kila kitu,
ukipoa hutaka kutapika,
na hapo tayari umeota ngozi,
matapishi hayana mlango.

Sikuengua taka. Sikukausha upawa.
Nikamimina.

Nje iling'aa kama jino la dhahabu.
Nilipoifunga kwenye kerezo, ndani ikafunguka:
vitundu, vitundu na vitundu,
kama mkate wa Papa Lwamba pale kona.
Nikachukua sabuni, nikaikanda na unga wa shaba,
nikaziba, nikasugua, nikafunga kwenye gazeti.
Faranga nilizipokea kwa mkono wa kulia.

Siku tatu kinu kilisaga.
Siku ya nne kikalia kama mbuzi, kikanyamaza.
Foleni ya mabeseni ikageuka, moja moja,
mahindi yakarudi nyumbani yakiwa mahindi.

Fundi Mwepu hakuniuliza kitu.
Aliinua kile kipande, akakinusa.
"Sabuni," akasema. "Ya kufulia."
Kisha akaning'inizia aproni yake shingoni.

Koki zote zilikaa juu ya bati la moto
mpaka zisiweze kushikika.
Upawa tuliupasha ukawa mwekundu,
kwani upawa wa baridi, alisema, ni kijiko cha mvua.
Juu ya chungu tulitandaza makala
na chupa ya bia iliyopondwa,
kioo kikayeyuka, kikalala kifudifudi,
hewa isipate pa kuchungulia.

Ndipo akatoa tawi la mkaratusi,
lililokatwa jioni hiyo nyuma ya shule,
majani mawili yakingali kwenye ncha.
Akalisukuma hadi chini kabisa.

Mukuba ukanguruma. Ukapanda, ukatema
ndimi za kijani, ukatetema
kama mgonjwa anayekamuliwa jipu.
Nikarudi nyuma. Nikapiga kelele:
"Maji yaliniharibia kazi, Fundi,
na huu mti umejaa maji!"

"Na chumvi je, huli?
Pungufu, inabaki na kutu tumboni.
Zidisha, inaingiwa na upepo upya.
Hesabu. Ukichoka kuhesabu, kauze unga."

Nikahesabu. Jasho likanihesabia mengine.

Kipande cha kwanza cha majaribio, kidogo kama kifungo,
kilipoa kikavimba kama andazi.
"Bado."
Cha pili kikatulia uso sawa.
"Bado, bado kidogo."
Cha tatu kikapoa kikibonyea katikati,
taratibu, kitovu cha mtoto.
Alikivunja kwa nyundo, akanionyesha ndani:
punje ndogo ndogo, zilizobanana, rangi moja,
kama uji wa mtu asiye na haraka.

Akatia kipande cha dawa, si zaidi ya ukucha.
"Sasa engua. Sasa mimina.
Usisimulie hadithi, usitafute kiberiti:
dawa huchoka ikisubiri."

Nikasubu kwa mkondo mmoja, mwembamba,
usiokatika, usiorukia.
Kalibu ikapumua moshi kidogo
na kunyamaza, kama mtu aliyeshiba.

Sikuidai Katuba msamaha, wala haikunipa.
Mama Numbi alilipa nusu,
nusu nyingine akasema ni ya siku alizokaa bure,
na alikuwa na haki.
Kinu chake kinasaga hadi leo.
Nikipita asubuhi hupunguza hatua,
sikio moja mbele ya lingine.

Bushi ya kwanza iko mlangoni petu,
Fundi ameiweka izuie upepo.
Sijui ni lini atachoka nayo.
Mvua ikinyesha kutoka upande wa reli
na matone yakaifikia,
inatoa povu.