Vumbi la Jumapili

Jumapili, magharibi ikinyemelea, magari hurudi.
Hushuka mteremko wa Jomvu moja moja,
mapaa bado yamefunguliwa
kama watu waliosahau kufunga mdomo,
nami nimesimama na mpira wa maji, ndara miguuni,
mwaka wa tisa huu,
nikipokea wanyama nisiowaona.

Nawajua kwa masazo yao.
Mwiba wa mgunga kwenye gurudumu la nyuma:
dereva aliacha njia, kaambiwa kuna chui.
Mavi ya nyati kwenye madigadi.
Maganda ya mayai, mifupa ya kuku,
na siku moja, chini ya kiti, ukurasa wa daftari,
mwandiko wa mtoto:
Twiga, tiki.
Pundamilia, tiki tiki tiki
hadi mstari ukaisha.
Simba, pameachwa peupe,
kisha kwa kalamu nyingine, labda mkono wa baba:
alikuwa amelala.
Karatasi hiyo ninayo.

Na vumbi.
Vumbi jekundu la Tsavo, lisilosikia maji ya kwanza
wala ya pili,
liingialo kwenye mishono ya viti, kwenye redio, kwenye kope.
Nalipiga sabuni, linatiririka mtaroni
utadhani nimechinja.
Mejumaa asema nguo zangu hazifui tena,
anazigeuza tu.

"Leo umeona nini?" huniuliza, anacheka.
Ndovu wanne na fisi.
"Wapi?"
Kwenye madigadi.

Basi Ijumaa moja Righa, dereva, akanipigia:
jamaa wa Ganjoni mtoto wao kashikwa na tetekuwanga,
kiti ki wazi, mafuta yashalipwa,
ada ya lango utanilipa mdogo mdogo.
Saa kumi na nusu alfajiri tukatoka.
Mazeras, Mariakani, Taru kumelala.
Nilikaa miguu juu juu,
nikiogopa kuchafua nilichokisafisha jana.

Ndani ya mbuga kila mtu akawa nahodha:
kushoto! kulia! nyuma ya kichaka!
Simu zikapanda paani.
Mimi niliona kwanza wingu dogo jekundu,
nikasema, hilo nalijua.

Chini ya wingu, ndovu.
Jike kubwa. Akachota udongo kwa mkonga,
akajimwagia mgongoni. Akachota tena.
Bila pupa, bila aibu,
kama bibi harusi asingwaye liwa
na ukumbi mzima umsubiri.
Mwanawe akaiga, akakosea,
akajimwagia machoni,
akapiga chafya.

Lilelile.
Lilelile ninalolilaani kila wiki kwa brashi na magoti,
yeye amelivaa.

"Vipi, fundi, umeona?" Righa akauliza.
Sikujibu. Mdomo ulikuwa umejaa vumbi,
na kwa mara ya kwanza sikutema.

Usiku nililala garini. Kitu kilinguruma mbali,
simba, au jenereta ya hoteli.
Nimekubali kuwa ni simba.

Jumapili, Jomvu, magharibi ikinyemelea,
gari nililopanda likawa langu kuliosha.
Boneti, milango, vioo.
Ubavu wa kushoto nikaukawiza, nikaukawiza,
mpaka Bwana Taibu akasema kutoka kitini,
"Hapo umeparuka."
Naona, nikasema. Nikafungulia maji.

Nyumbani Mejumaa alinikuta mlangoni na ndoo:
huingii hivyo.
Nikamwambia ningoje kidogo.
Nikakaa kwenye ngazi,
nywele nyekundu, masikio mekundu, tundu za pua nyekundu.
Mtoto wa jirani akapita na mkate wake wa mofa,
akasimama,
akanitazama kitambo kirefu
kama atafutaye kalamu.