Bareti Mbili

Mwezi wa saba, Katuba ikiwa imevaa makoti,
mashini ya Monga ilikimbia kama mwizi wa soko
nami nikajipiga kifua.
Elfu mbili na mia sita: kasi waliyoiandika kiwandani.
Elfu tatu na mia mbili: kasi niliyoiandika mimi,
vidole vikitetemeka kwa baridi, chai ya maziwa pembeni.
Haikuanguka. Nikalipwa.

Mwezi wa kumi joto likalala juu ya mabati
na Monga akarudi, mashini ndani ya toroli ya makala,
imefunikwa kitenge kama mgonjwa.
"Bibi arusi ana mstari wa kijani," akasema,
"kuanzia jicho mpaka kidevu.
Mama yake ameuona. Hataki kulipa."

Nikamwambia ni kirusi.
Nikamwambia ni umeme wa Katuba, unakuja na kigugumizi.
Mdomo wa fundi haukosi wa kulaumiwa.
Alipotoka nikafunga mlango, nikawasha kipimo.

Dakika ya arobaini: kosa moja.
Moja tu, katika mabilioni ya vyumba,
chumba kimoja kiliulizwa, "Uliwekewa nini?"
kikajibu moja badala ya sifuri,
bila haya, bila kupepesa.
Heri mashini inayozimika,
hiyo angalau inakiri.
Hii ilikumbuka vibaya kwa sauti ya kweli,
na sauti hiyo niliijua,
nilikuwa nimetoka kuitumia pale mlangoni.

Bareti za kumbukumbu ni mbili.
Nikaacha ile ya Kasumbalesa peke yake,
nikasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha mtoto wa shule,
nikapuliza vumbi jekundu lililojipenyeza hadi ndani ya tundu.
Usiku kucha: sifuri.
Nikailaza juu ya gazeti, nikachomeka ya pili,
niliyoinunua kwa mlinzi wa ofisi iliyofungwa.
Sifuri.
Nikacheka peke yangu. Nikazirudisha zote mbili.
Dakika ya thelathini na nane: kosa.

Punguza volti: makosa kumi na manne.
Ongeza volti, kiasi cha ncha ya ukucha: mawili.
Fungua ubavu wa kasha, elekeza feni ya mezani: moja,
na si katika chumba kilekile,
katika chumba cha jirani.

Nikamfikiria yaya wangu Kapya.
Yeye peke yake ni fundi, waulize watu wa Kamalondo.
Mimi peke yangu ni fundi, muulize hata Monga, yule wa mwezi wa saba.
Lakini mwaka tuliogawana meza moja
tuliunguza televisheni ya padri
na kila mmoja alikuwa na hakika ni mwenziwe.
Kapya husoma waya kama barua ya mahakama,
neno kwa neno, kidole chini ya mstari.
Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye sahihi.
Sasa yuko Kolwezi. Hatujagombana.
Hatupigiani simu, basi.

Saa tisa za usiku nikaurudia ukurasa wa buluu,
ule ambao mashini huuonyesha kabla haijaamka vizuri.
Nikashusha. Elfu tatu: kosa.
Elfu mbili na mia tisa na kitu.
Nikalegeza na ile pumzi, kitambo kidogo
kati ya kuitwa na kuitika,
kutoka kumi na sita hadi kumi na nane.
Nani alikuwa akinisubiri, niharakishe?

Mzunguko wa kwanza, sifuri.
Wa pili, sifuri. Munkoyo wa jana umechachuka, nikaunywa.
Wa tatu, sifuri.
Katikati ya wa nne mtaa mzima ukazimika
na feni ikazunguka kidogo gizani, kwa mazoea.

Kwa hiyo sijui. Mizunguko mitatu na nusu si ushahidi.
Lakini kukipambazuka Monga atagonga mlango
na lazima nimwambie halikuwa kosa la kirusi.
Nimeanza kuyapanga maneno hapa kitandani.
Bado yananitoka
kwa kasi ya mwezi wa saba.