Makala

Juu ya duka la dawa, Nyawera, ghorofa ya pili,
wamenipa meza yenye miguu mitatu mizima;
wa nne ni rundo la matoleo yasiyouzwa.
"Usiyaondoe," kasema Cirhuza, mhariri,
"mwaka jana ndiyo yaliyotubeba."

Kwenye kitambulisho wameandika Nsimile.
Nikasema ni Nsimire, kwa ra.
Wakasema mashine ya kadi iko Goma,
nivumilie mpaka mashua ya Ijumaa.
Ijumaa tatu zimepita. Naitika majina yote mawili.

Wiki ya kwanza nilijibu simu zisizo zangu,
nikajua nani hanywi chai ya sukari,
mlango gani husukumwa kwa bega,
na kwamba umeme ukikatika hakuna anayeinua kichwa:
Murhula pekee hushuka kuvuta kamba ya jenereta,
akiitukana kwa upole, kama mtu na shemeji yake.

Nilikuja na hoja nzitonzito mfukoni:
mpaka, madini, hatima ya vizazi.
Cirhuza akazisoma zote, akazikunja,
akaziweka chini ya kikombe kinachovuja.
"Niletee makala juu ya makala."
Nikadhani ulimi umemkwama.
"Makala! Ya kupikia! Kadutu gunia ni bei gani?
Maneno mia tatu. Alhamisi."

Neno moja, kazi mbili:
inayochafua vidole vya mama
na inayochafua vyangu.
Mama anauza makala Kadutu tangu sijazaliwa.
Nilipomwambia nimeajiriwa kuandika makala
alicheka mpaka akaketi juu ya gunia.
"Basi tuko kazi moja. Yako inawaka?"

Sikumuuliza yeye. Niliona haya
kumhoji mama yangu kama shahidi.
Nikapita kwa wenzake, daftari jipya mkononi;
kila mmoja akanitajia bei ileile,
ile ya mwaka jana, nami nikaandika:
Bei imetulia.

Nilipeleka maneno mia tisa.
Kalamu nyekundu ikakata alfajiri yangu,
ikakata ukungu wa ziwa,
ikakata "kwa upande mwingine" mara nne.
Yakabaki mia mbili na themanini.
Nikaenda chooni kulia. Dakika mbili tu,
kulikuwa na foleni.

Jarida likatoka. Ukurasa wa kumi na tisa, chini,
kando ya tangazo la magodoro.
Mwandishi: Nsimile.

Usiku nikamsomea mama kwa taa ya simu,
mbabula kati yetu, maharage yakikataa kuiva.
Alisikiliza vile anavyopima mzigo:
hugonga kipande kwa kipande,
kilichoiva hulia kama glasi,
kibichi hunyamaza, kisha kikakutoa machozi.
"Bei imetulia," nikasoma.
Akanyamaza.

Akainuka, akaburuta gunia la leo,
akalisimamisha kando yangu.
"Mwaka jana lilikufika wapi?"
Nikakumbuka: kifuani.
Hili limeishia kitovuni,
na mdomo wake umevimbishwa kwa majani
ili macho yalipe kwanza.
"Bei haikupanda, mwanangu. Gunia limeshuka."

Leo nimefika kabla ya jenereta,
na utepe wa fundi cherehani shingoni.
Sentimita thelathini na moja:
mji umezilipa, hakuna jiko lililoziona.
Juu ya karatasi nimeandika Masahihisho.
La kwanza, gunia.
La pili, herufi moja.

Cirhuza anasoma amesimama, koti bado begani.
Kalamu haitoki mfukoni.
"Chanzo chako ni nani?"
"Mtu wa kazi hiihii," nasema,
"ila amenitangulia."

Chini, Murhula anavuta kamba.
Haiwaki.
Anavuta tena.