Pambizoni

Kitabu hiki kimesomwa na wanawake watatu wa nyumba moja
na kila mmoja aligombana nacho.
Jalada lilibanduka zamani; limefungwa kwa bandeji
ambayo bibi yangu Ilka aliitoa Budapest,
yeye aliyevuka bahari na vijiko sita,
mkufu usio na kidani,
na juzuu hii ya Kijerumani aliyoiita "mkwe wangu":
humpendi, wala huwezi kumfukuza.

Ukurasa wa mia na kumi na nne, mzee mwenye kitabu anasema:
mgonjwa anyamazapo, kimo ndani yake kitu kisichotaka kuonekana.
Upinzani, akakiita.
Bibi alilipigia neno mstari mara mbili
kwa kalamu ya risasi, mkono hautetemeki,
akaandika kando: Ndiyo. Subiri.
Akasubiri. Miaka thelathini mtaani Villa Crespo,
nyuma ya kochi, nyuma ya miwani,
akiwasubiri washonaji, wauza vifungo, wajane wa wauza vifungo,
wamlete baba; maana aliamini
kila mlango ukigongwa mno, afunguaye ni baba.

Kisha kitabu kikamwangukia mama.
Mwaka ule wa sabini na saba hakutumia kalamu ya risasi;
risasi zilitosha mitaani.
Wino wake wa kijani, herufi zinakimbia kama zinafuatwa:
Upinzani? Wa nani kwa nani?
Kijana wa saa kumi na moja amenyamaza wiki ya tatu.
Hafichi ndoto. Anaficha anwani.

Chini yake, siku nyingine, wino umepauka:
Leo hakuja.

Basi. Hakuna zaidi.
Ile saa ya jioni hakumpa mtu mwingine, miezi na miezi,
akikaa nyuma ya kochi tupu, akisikiliza.
Bibi alikuwa hai bado. Akamwambia huo nao ni ugonjwa.
Hawakusemezana hadi kiangazi.

Mimi nilikuta pambizo zimeliwa,
nimebakishiwa upana wa kidole.
Baadhi ya walimu wangu walisema mzee amechacha, amwagwe;
wengine wakataka asomwe neno kwa neno, kama sala.
Nimewahi kukaa mkutanoni saa tatu nzima
watu wazima wakigombea kiambishi kimoja cha Kijerumani,
kahawa ikipoa,
na nje mvua ikiwanyeshea wasiojua kama wana kiambishi.
Kikulacho ki nguoni mwako:
hilo lilijulikana kabla ya Vienna kuwa na taa.
Kazi ni kuijua nguo. Na nguo hubadilika.

Alhamisi, saa nne usiku, huja Nahuel,
mpeleka chakula kwa baiskeli, Almagro mpaka mtoni.
Hulipa anavyoweza. Sanduku lake la mgongoni
huliacha mlangoni, likinuka vitunguu na jibini.
Juma lililopita alijinyoosha kochini,
akavuta pumzi kama mtu wa kusema neno zito,
akakoroma.

Upinzani, alisema bibi toka ukurasani.
Hofu, alisema mama.
Mimi nikazitazama soli za viatu vyake,
moja imetoboka.
Usingizi, nikaandika. Saa kumi na nne juu ya baiskeli.
Kwa kalamu ya risasi, maana hufutika.
Nikazima taa kubwa, nikavua viatu nisimwamshe,
nikajiona mjanja kidogo,
nimewapiku wote watatu.

Dakika ya arobaini na tisa akashtuka,
akasugua uso kwa viganja viwili, akasema:
"Samahani, baba."

Akasikia. Nikasikia.
Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi,
lakini wa kwangu huja hapa wajikwae ulimi,
wala sijaona heri nyingine.
Hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kochi
akilitazama sanduku lake pale mlangoni
kana kwamba limebisha hodi.
"Alhamisi?" akauliza.
"Alhamisi."

Sikulifuta neno usingizi.
Nililisogeza tu, nikabana mwandiko,
na katika upana ule wa kidole
nikaandika: Bibi, amefika.