Saa Moja na Nusu

Tiketi ya Nyanzala inasema
Dar es Salaam–Mwanza, saa moja na nusu.
Karani kaongezea kwa mdomo,
"Kilomita mia nane na kitu, dada, kwa hewani."
Hicho kitu ndicho kilichonikwama kooni.

Mzani ulikataa: kilo mbili zimezidi.
Tukafungua sanduku mbele za watu,
nikatoa nazi, nikaacha
viatu vya mtoto ambaye hajazaliwa bado.

Saa tano ndege ikanyanyuka juu ya Kipawa,
ikapinda, ikawa ukucha,
ikawa hakuna.

Nami bajajini, nazi mapajani.
Buguruni mataa foleni imelala usingizi.
Dereva kazima injini, anamenya chungwa.
Kutoka pale uwanjani hadi hapa
hata jogoo angetembea.

Saa sita na nusu simu ikalia.
"Nimefika! Mama kaja na kanga mbili,
moja yangu, moja sijui ya nani.
Wewe umeshafika nyumbani?"

Nikatazama taa. Nyekundu.
"Zamani," nikamwambia. "Hata uji nimeshakunywa."

Dereva akanitazama kwenye kioo,
hakusema neno.
Akanikatia nusu ya chungwa.